Tambiko, hisia na habari: jinsi watu wanavyoinuka pamoja

Mwaka 1905 hakukuwa na redio wala simu katika milima ya Matumbi, kaskazini-magharibi ya Kilwa. Hata hivyo, kwa muda wa miezi michache tu, watu wa makabila mengi ya kusini mwa Tanzania ya leo, baadhi yao wakiwa mahasimu wa siku nyingi, waliingia katika vita moja dhidi ya utawala wa Wajerumani. Miaka 119 baadaye, Juni 2024, vijana wa Kenya ambao hawakuwa na chama wala mwenyekiti walijaza barabara za Nairobi na miji mingine kupinga Mswada wa Fedha, wakiitana kwa simu.

Matukio hayo mawili yako mbalimbali sana. Lakini ukiyachunguza utakuta vitu vitatu vilevile vikifanya kazi: jambo ambalo watu wanalifanya pamoja na ambalo lina maana kwao, hisia inayowasukuma, na njia ya kupitisha habari. Katika makala haya tunaeleza kila kimoja kinafanya nini, kwa mifano ya Tanzania, Kenya na Rwanda. Tunaeleza pia kwa nini habari peke yake haitoshi kuwainua watu, na kwa nini vitu hivi vitatu vikikutana vinaweza kukomboa na vinaweza pia kuua.

Maneno tunayoyatumia

Harakati ni jitihada za watu wengi, kwa muda fulani, za kutaka kubadili jambo katika jamii au kulizuia lisibadilishwe. Chama cha siasa kinaweza kuzaliwa ndani ya harakati, lakini harakati ni pana kuliko chama. Haina lazima ya kuwa na ofisi, kadi au katiba.

Tambiko ni neno ambalo wengi wetu tukilisikia tunafikiria mizimu, na pombe inayomwagwa chini ya mti. Hapa tunalitumia kwa maana pana zaidi. Tunamaanisha tendo lolote ambalo watu hulifanya pamoja, kwa utaratibu unaojulikana, na ambalo lina uzito kuliko tendo lenyewe. Kula kiapo ni tambiko. Kuvaa sare, kusimama kimya kwa dakika moja, kuwasha mshumaa kwa ajili ya aliyekufa na kuimba wimbo wa taifa, yote ni matambiko kwa maana hii.

Hisia ni hasira, hofu, aibu, huzuni, fahari na matumaini. Watu hawaachi mashamba yao na kwenda kukabiliana na dola kwa sababu wamepiga hesabu tu. Uchungu alio nao mtu mmoja ni shida yake. Akigundua kwamba jirani yake naye anao, na jirani wa jirani naye vilevile, uchungu huo unaanza kuwa dai.

Habari, hapa, ni njia yoyote ya kupitisha ujumbe: mnong'ono, wimbo, gazeti, redio au kundi la WhatsApp.

Mwanasosholojia wa Ufaransa, Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1912 kuhusu dini, alieleza kwamba watu wanapokusanyika na kufanya jambo moja kwa mwendo mmoja hupata msisimko ambao hakuna hata mmoja wao angeupata akiwa peke yake. Aliyewahi kucheza ngoma mpaka alfajiri, au kukesha msibani na majirani, anakijua kitu hicho bila kusoma kitabu.

Maji Maji: mnong'ono uliofika mbali

Hasira ilikuwapo kabla ya maji. Tangu mwaka 1898 Wajerumani walikuwa wakitoza kodi ya kibanda. Kuanzia mwaka 1902 wakaanzisha mashamba ya pamoja ya pamba katika maeneo ya pwani na kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, huku mashamba yao ya chakula yakiota magugu. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea.

Lakini hasira ya Mmatumbi ilikuwa ya Mmatumbi, na ya Mngindo ilikuwa ya Mngindo. Kilichoziunganisha kilitoka Ngarambe. Huko alikuwapo Kinjikitile Ngwale, mtu ambaye mwaka 1904 ilisemekana amepandwa na pepo aitwaye Hongo. Masimulizi ya wazee yanasema alizama kwenye bwawa na kutoka siku iliyofuata akiwa mkavu, mzima, akianza kutabiri. Watu wakaanza kwenda kwake kwa makundi, kama wanaokwenda kuhiji. Waliwapa dawa wakarudi nayo makwao: maji yaliyochanganywa na vitu vya kawaida vya nyumbani, kama mafuta ya mbarika na mtama. Waliambiwa risasi za Wajerumani zitageuka maji.

Habari za Ngarambe zilipita kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani maneno ya siri yanayopokezanwa mtu kwa mtu. Mnong'ono huo haukuachwa utembee wenyewe. Aliyeusikia hakutakiwa auamini tu. Alitakiwa aende Ngarambe akaone umati kwa macho yake, au apokee maji mbele ya wenzake kijijini. Baadaye wajumbe walioitwa kwa jina la hongo waliyapeleka maji mbali zaidi, Ungindo, Upogoro, Umbunga hadi Ungoni.

Ndiyo maana tunasema tambiko lilifanya kazi ambayo habari isingeweza kuifanya. Mtu aliyesikia kwamba vita inakuja angeweza kubaki ndani kwake akisubiri aone wengine watafanya nini. Mtu aliyenyunyiziwa maji mbele ya kijiji kizima alikuwa amekwisha kuhesabiwa. Naye alikuwa amewaona wengine wakihesabiwa. Hofu ya kubaki peke yake ilikuwa imeondoka.

Hata mwanzo wa vita wenyewe ulikuwa tambiko. Julai 1905, huko Nandete, watu walikwenda kwenye shamba la pamba wakang'oa miche michache. Miche hiyo haikuwa hasara kubwa kwa serikali. Ilikuwa tangazo la vita, na kila upande ulielewa.

Gharama yake ilikuwa kubwa mno. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia ngome ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha, na mamia wakaanguka. Maji yalikuwa na miiko yake, na aliyepigwa risasi angeweza kusemwa kwamba amevunja mwiko. Kwa hiyo kifo cha mmoja hakikutosha kuwaonya wengine mara moja. Tambiko lililowapa watu ujasiri liliwapa pia njia ya kutoamini walichokiona.

Februari 1906 makumi ya viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Wajerumani wakachoma vijiji na maghala ya nafaka, njaa ikaua wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000.

Kumbukumbu yake haikufa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuandika masimulizi ya wazee, na mengi tunayoyajua leo kuhusu vita hivyo yametoka huko. Songea kuna makumbusho ya vita hivyo, na kila Februari watu hukusanyika kuwakumbuka walionyongwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha.

TANU: chama kilichopita katika ngoma

Desemba 1956, akizungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa huko New York, Julius Nyerere aliitaja Maji Maji. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa Tanganyika hawakuhitaji kufundishwa kukataa kutawaliwa, kwa kuwa walikwisha kukataa. Walichohitaji, baada ya kushindwa kule, ni kuamini kwamba uhuru unaweza kupatikana bila kumwaga damu. Kwa maneno mengine, TANU ilirithi hisia ileile ikatafuta tambiko jingine.

TANU iliundwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Mwanzoni wanachama wake wengi walikuwa wanaume, na baadhi ya waliosoma na kufanya kazi serikalini waliogopa kupoteza ajira. Mambo yalibadilika mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuongoza tawi la wanawake. Hakuwa na shahada. Alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba.

Wakati huo Dar es Salaam ilikuwa na vikundi vingi vya ngoma, lelemama na taarab. Wanawake wa makabila mbalimbali walikutana humo, wakaongea Kiswahili, wakashona sare, wakachangishana na kuzikana. Wengi wao walikuwa wauza maandazi, wapika pombe na mama wa nyumbani. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake anayesikilizwa. Bibi Titi alikwenda kwa viongozi hao. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja. Maelfu ya wanawake walijiunga kwa njia hii, na ndio waliouza kadi, waliohifadhi wageni na waliojaza viwanja siku za mikutano.

Tazama kilichofanyika hapo. TANU haikuanza kujenga imani kati ya watu wasiojuana. Iliikuta imani hiyo tayari imejengwa kwa miaka mingi ya kucheza, kusaidiana na kufiwa pamoja. Ilichofanya ni kuipa kazi mpya. Wimbo uliozoea kumsifu bibi harusi sasa ulitaja uhuru. Hisia iliyokuzwa haikuwa hasira peke yake. Ilikuwa fahari: mtu aliyezoea kuitwa boi au yaya alisimama uwanjani na sare yake akaitwa mwananchi.

Vyombo vya habari navyo vilikuwapo, ila havikuwa mikononi mwa chama. Redio iliyoanza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam ilikuwa ya serikali ya kikoloni. TANU ilitoa kijarida chake, Sauti ya TANU. Mwaka 1958 Nyerere alishtakiwa kwa makala aliyoyaandika humo kuhusu maofisa wa serikali, akahukumiwa kulipa faini au kwenda jela. Alilipa faini. Magazeti ya Kiswahili kama Mwafrika yalikuwa na nakala chache, lakini nakala moja ilifikia watu wengi kwa sababu aliyejua kusoma aliwasomea wengine kwa sauti. Hivyo hata gazeti lilikuwa jambo la mkusanyiko.

Uhuru ulipopatikana, Desemba 1961, mwenge uliwashwa juu ya Mlima Kilimanjaro. Mpaka leo Mwenge wa Uhuru hukimbizwa nchi nzima kila mwaka, na wasikilizaji wetu wengi wamewahi kuupokea kijijini. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Harakati ikishinda, matambiko yake mara nyingi huwa ya serikali. Kitu kilichokuwa cha kudai kinakuwa cha kuadhimisha. Si vibaya kuadhimisha, lakini tambiko la namna hiyo haliwezi kutuambia peke yake kama watu bado wanaliamini lile lililolianzisha.

Uhuru Park, Nairobi: akina mama na mishumaa

Februari 1992 kikundi cha akina mama wa Kenya, wengi wao wazee kutoka vijijini, walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na ombi moja: watoto wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiwe. Kenya ilikuwa imeruhusu vyama vingi miezi michache tu kabla, lakini wafungwa hao zaidi ya 50 walikuwa bado ndani. Akina mama waliahidiwa kwamba jambo lao litaangaliwa. Wakasema watasubiri jibu. Tarehe 28 Februari walikaa kwenye kona ya bustani ya Uhuru Park pamoja na Profesa Wangari Maathai, wakaanza kufunga kula.

Usiku waliwasha mishumaa wakaimba. Watu wakaanza kuja. Baadhi yao walikuwa wameteswa katika vyumba vya polisi na hawakuwahi kumwambia mtu yeyote. Mbele ya akina mama wale wakasimama mmoja mmoja wakasema yaliyowapata. Hofu iliyokuwa imefungwa ndani ya nyumba nyingi ilitoka nje, ikageuka kuwa ushahidi.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na mabomu ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akapoteza fahamu. Ndipo baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kwa Wakikuyu, na kwa watu wengine wengi wa Afrika, mama kumvulia nguo mtu wa umri wa mwanawe ni laana nzito. Hakuna aliyehitaji kufasiriwa. Askari wenye silaha wakageuza nyuso wasione.

Tendo lile lilikuwa la kale, ila safari hii lilifanyika mahali penye waandishi wa habari. Shirika la utangazaji lilikuwa la serikali, lakini magazeti binafsi na vyombo vya nje vilibeba habari hiyo. Akina mama walihamia kanisa la All Saints Cathedral, karibu na bustani, wakaishi humo kwa takriban mwaka mzima. Mwanzoni mwa 1993 karibu wafungwa wote waliokuwa wakiwadai walikuwa wameachiwa. Kona ile mpaka leo inaitwa Freedom Corner, Kona ya Uhuru.

Mfano huu unaonyesha mpaka wa kila kitu. Habari bila akina mama wale ingekuwa orodha tu ya majina ya wafungwa, na orodha hiyo ilikwisha kujulikana. Akina mama bila habari wangeweza kufukuzwa usiku na dunia isijue. Vilihitajiana.

Rwanda: njia zilezile, kazi ya kuua

Haitakuwa haki tukiishia kwenye mifano ya ukombozi. Sisi tunaofanya kazi ya redio tuna sababu ya kuikumbuka RTLM.

Kituo hicho kilianza kutangaza Rwanda Julai 1993. Kilikuwa na muziki mzuri, watangazaji wacheshi na lugha ya mtaani, tofauti na redio ya taifa iliyozungumza kama barua ya ofisini. Watu wakakipenda. Ndani ya utani huo kilipanda hofu: kwamba Watutsi, waliowaita mende, wanajiandaa kuwaangamiza Wahutu. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, RTLM ilitaja majina ya watu na mahali walipojificha. Kwa takriban siku 100 waliuawa watu wapatao 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Serikali ya Rwanda inasema ni zaidi ya milioni moja.

Hapo pia redio haikuwa peke yake. Wanamgambo wa Interahamwe walikuwa na sare, nyimbo na mikutano yao. Kuua kuliitwa "kazi", neno ambalo wanakijiji walizoea kulisikia wakiitwa kwenye shughuli za pamoja. Kwenye vizuizi vya barabarani, aliyekataa kushiriki alionwa na wenzake wote. Watafiti wanaendelea kubishana ni kiasi gani cha mauaji kilitokana moja kwa moja na matangazo. Wengi wanaona kwamba shinikizo la uso kwa uso, kutoka kwa viongozi wa mitaa na majirani, lilikuwa na nguvu kubwa. Redio iliwaambia wauaji kwamba wanachofanya kinakubalika na kwamba wakubwa wako pamoja nao.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa Arusha, Tanzania, iliwatia hatiani watu watatu mwezi Desemba 2003, wawili wao wakiwa miongoni mwa waanzilishi wa RTLM na wa tatu mhariri wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilipunguza adhabu zao, lakini jambo la msingi lilibaki: anayetumia redio au gazeti kuchochea mauaji anaweza kujibu kwa hilo mahakamani.

Baadaye, mwaka 2004, mchezo wa redio uitwao Musekeweya ulianza kutangazwa Rwanda kwa ajili ya maridhiano. Utafiti uliofanywa juu ya watu walioufuatilia kwa vikundi ulionyesha jambo la kuvutia. Imani zao za moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona mambo yanayokubalika katika jamii yao, na namna walivyotendeana. Watu hutazama majirani zao kabla ya kuamua.

Simu mkononi

Turudi kwa vijana wa Kenya wa mwaka 2024. Simu iliwapa kasi. Mswada wa kurasa nyingi ulielezwa kwa video fupi, ukafasiriwa kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi hiyo, ukawafikia watu ambao wasingeusoma kamwe. Lakini walipotoka barabarani walibeba bendera na kuimba wimbo wa taifa, yaani matambiko waliyofundishwa shuleni. Tarehe 25 Juni baadhi yao waliingia bungeni, na polisi walifyatua risasi. Siku iliyofuata Rais William Ruto alisema hatausaini mswada huo. Katika majuma yale makumi ya watu waliuawa. Tarehe 7 Julai watu walikusanyika kuwakumbuka waliokufa. Mahali walipokutana palikuwa Uhuru Park, bustani ileile ya akina mama wa 1992.

Simu iliwaita, lakini haikuwazikia wafu wao. Kwa hilo ilibidi wakutane.

Tanzania ina mfano wake wa zamani wa kuunganisha chombo cha habari na mkusanyiko, ingawa ule ulikuwa mpango wa serikali na si harakati ya kudai. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitangazwa redioni. Wanakijiji walikaa kwa vikundi kukizunguka chombo, wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa na vichaka vikafyekwa, kwa sababu aliyekubali mbele ya kikundi alijua kikundi kitapita kwake kuangalia.

Tofauti ya simu na mifano yote hiyo ni hii: simu inaweza kuamsha hisia ya mkusanyiko bila mkusanyiko wenyewe. Unasoma ujumbe ukiwa peke yako kitandani, moyo unakwenda mbio, unauona umetumwa mara nyingi, unadhani kila mtu anafikiri hivyo. Hujamwona hata mmoja wao. Wenye nia njema wanaweza kuitumia nguvu hiyo, na wenye nia mbaya vilevile.

Maswali ya kujiuliza

Ukipokea ujumbe unaokuita kwenye jambo, au unaokujaza hasira dhidi ya watu fulani, maswali haya yanaweza kusaidia.

Nani ameuleta? Njwiywila ilipita kwa mtu unayemjua, na ulijua pa kumrudia kama amekudanganya. Ujumbe uliopita mikono mia hauna wa kumrudia.

Unaniomba nihisi nini, na kwa nani? Hasira juu ya kodi, shamba au mfungwa ina mlango wa kutokea, kwa sababu kodi inaweza kufutwa na mfungwa akaachiwa. Hofu juu ya watu kwa sababu ya kabila au dini yao haina mlango. Haiishi mpaka watu hao wasiwepo.

Unaniomba nifanye nini, na anayeniita yuko wapi wakati nikifanya? Akina mama wa Nairobi walikaa wenyewe kwenye baridi.

Nimeahidiwa nini? Harakati inayokwambia kutakuwa na gharama inakuheshimu. Inayokwambia hutaumia kwa sababu ya maji, hirizi, wingi wenu au kamera za simu, iulize nini kitatokea ikiwa siyo kweli, na kama kuna ruhusa ya kulisema hilo kwa sauti.

Kama mna kikundi cha usikilizaji, cha kuweka na kukopa au cha kwaya, someni makala haya pamoja na myajadili maswali haya manne kwa jambo moja linalosemwa sana kijijini kwenu sasa hivi. Anzeni na wale ambao hawana simu. Mara nyingi wao wamelisikia kwa njia nyingine, na kwa maneno mengine.